Graniti Jikoni: Jiwe na Haki Zake



Siku hizi mtu akitaka kuisifu nyumba mpya husema, "Jikoni kumewekwa graniti." Neno hilo moja limekuwa kipimo. Madalali hulitaja hata kabla ya idadi ya vyumba, wachumba hulizungumza wanapopanga makazi, na kina mama, ambao ndio watakaosimama mbele ya jiwe hilo asubuhi na jioni kwa miaka mingi, hutuuliza baada ya darsa: Je, kaunta ya graniti inastahili gharama yake? Je, si israfu? Na tukiinunua, tuichague na kuitunza vipi?

Tumeona bora kulijibu swali hili kutokea Kangemi, magharibi ya jiji la Nairobi, kwa kuwa mtaa huo unaonyesha pande zote za jambo hili kwa pamoja. Ng'ambo ya Barabara ya Waiyaki kuna Loresho, na mwendo mfupi kuelekea mjini kuna Lavington na Westlands, penye majiko ya mawe yaliyosuguliwa yakang'aa kama kioo. Wako kina mama wa Kangemi wanaoamka alfajiri kwenda kuyafuta mawe hayo kwa ujira, kisha hurudi jioni katika chumba ambamo meza moja ndiyo kaunta, ndiyo meza ya chakula, na ndiyo dawati la mtoto la kuandikia. Wako pia vijana wa mtaa huohuo wanaoyabeba, kuyakata na kuyapachika. Na sasa, kadiri nyumba za mabati zinavyobomolewa na maghorofa ya kupangisha kuinuka mahali pake, graniti nayo imevuka barabara na kuingia Kangemi yenyewe.

Jibu letu ni hili: jiwe si haramu wala si fahari, ni kifaa. Lakini ni kifaa chenye haki tatu, nazo ni haki ya mali inayolinunua, haki ya mama atakayelitumia, na haki ya fundi anayelikata. Haki mbili za kwanza huzungumzwa mara kwa mara. Ile ya tatu haizungumzwi, na ndiyo inayogusa uhai wa mtu.

Jiwe lenyewe

Graniti, ambayo vitabu vya jiografia huiita itale, ni mwamba uliotokana na uji wa moto uliopoa polepole chini kabisa ya ardhi. Kwa kuwa ulipoa polepole, chembe zake zilipata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho: chembe za kwatsi zinazofanana na kioo, chembe nyeupe au za waridi, na vimeta vyeusi. Huo ndio ule mchanganyiko wa rangi tunaoupenda, na ndiyo sababu ya ugumu wake.

Ardhi ya Nairobi haikujengwa kwa mwamba huo. Chini ya jiji kuna mawe ya volkano, na yale mawe ya kijivu ya Ndarugo yanayojengea kuta za nyumba nyingi za Nairobi ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kiasi cha kuchongwa kwa mkono. Graniti halisi utaiona ukisafiri kwenda magharibi, katika vilima vya Maragoli huko Vihiga, ambako majabali makubwa yamelala mashambani kama makundi ya tembo, au ng'ambo ya mpaka, katika fukwe za Mwanza. Wakazi wengi wa Kangemi asili yao ni huko magharibi ya Kenya. Wamo Waislamu ambao asili yao ni Mumias, mji ambao misafara ya Waswahili ilifika katika karne ya 19 na Uislamu ukatia mizizi miongoni mwa Wawanga. Hivyo mtu wa Mumias na mtu wa Mombasa wanapopanga safu moja ya sala mjini Nairobi, wanaukumbuka undugu wa zamani. Na bibi zao wote wawili walikuwa na jiwe jikoni, jiwe la kusagia, ambalo halikununuliwa kwa ajili ya wageni.

Hata hivyo, mabamba mengi yanayouzwa Nairobi hayatoki Maragoli. Huja kwa meli kutoka nchi za mbali, hasa India na China. Lile jeusi lenye vimeta vya dhahabu, ambalo wauzaji huliita Black Galaxy, huchimbwa katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India. Wataalamu wa miamba hawalihesabu kuwa graniti halisi, lakini kwa ugumu wake linafaa jikoni, na jina hilo la dukani si udanganyifu wa kututia hofu. Udanganyifu upo kwingine, nasi tutaueleza.

Haki ya mali

Kutengeneza nyumba ili watu wake wapumzike ndani yake ni jambo jema. Kinachokatazwa ni kuvuka mpaka, na Suratul Furqan imetuonyesha njia ya kati baina ya ubadhirifu na ubahili. Mpaka huo haupimwi kwa bei ya jiwe peke yake. Jiwe lilelile laweza kuwa matumizi ya busara kwa familia moja na israfu kwa jirani yake. Anayejenga nyumba yake ya kudumu, ameshalipa karo za watoto, hana deni, na ana nia ya kaunta itakayodumu miaka 30, huyo ananunua kifaa. Anayechukua mkopo wa simu wenye riba ili jikoni kwake kufanane na kwa shemeji yake, huyo ananunua macho ya watu, na macho ya watu hayashibi.

Mpangaji naye ajiulize jiwe litakuwa la nani atakapohama. Bamba lililogandishwa kwa saruji haling'oleki likabaki zima. Kama ni lazima, pawepo maandishi baina yake na mwenye nyumba kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na ziko njia za unafuu. Karakana za mawe hubakiwa na vipande baada ya kazi kubwa, navyo huuzwa kwa bei ndogo kuliko bamba zima. Kipande cha upana wa sentimita 50 kilicholainishwa kingo, kikiwekwa juu ya meza imara, kinatosha kusukumia chapati na kukandia unga, na siku ya kuhama kinabebwa. Terazo iliyosuguliwa vizuri nayo ni nzuri, na vigae juu ya zege vimezihudumia nyumba zetu kwa miaka mingi bila ya mtu kuona haya.

Mnunuzi aulize maswali haya kabla ya kukubaliana: Je, bei ni ya futi ya urefu au ya mita ya mraba? Je, ndani yake imo kazi ya kulainisha kingo, kutoboa nafasi ya sinki, usafiri na upachikaji? Je, vipande vitakavyobaki ni vya nani? Watu wengi hugombana na mafundi si kwa sababu ya dhuluma, bali kwa sababu maswali haya yaliulizwa kazi ikiwa imekwisha.

Haki ya mama

Ni ada mbaya iliyoenea kwamba mume na fundi hukaa wakaamua kila kitu kuhusu jikoni, na mwenye jikoni akaletewa kazi iliyokwisha. Jiwe halirekebishiki kama pazia. Likiwekwa juu mno, mabega ya mama yatauma kila siku. Likiwekwa chini mno, mgongo wake utainama kila siku. Kaunta nyingi huwekwa kwenye kimo cha sentimita 90 hivi, lakini mama mfupi na mama mrefu hawawezi kutumikia kipimo kimoja. Njia nyepesi ni hii: mama asimame wima, akunje mkono, kisha apime kutoka kwenye kiwiko kushuka chini sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo panapofaa kwa kazi nyingi. Penye kusukuma chapati na kukanda unga pakishuka kidogo zaidi, ni bora. Basi siku ya kupima, mama awepo. Hiyo ni shura, na shura haiishii kwenye mambo makubwa.

Katika kuchagua aina ya jiwe, mapishi yetu yana sauti. Waliojaaliwa kwenda Makka wanaijua ile sakafu nyeupe ya Msikiti Mtukufu, inayokaa baridi juani. Ni marumaru ya Thassos kutoka Ugiriki. Uzuri wake huwafanya wengine watamani marumaru jikoni. Lakini marumaru asili yake ni chokaa, na chokaa huliwa na kila kitu kichachu. Nyumba ya samaki wa kukaanga, achari, ukwaju na ndimu haina amani na marumaru, kwani tone moja la ndimu likilala usiku huacha doa lililofifia ambalo halifutiki kwa sabuni. Graniti haina udhaifu huo. Adui zake ni mafuta na manjano, yanayoweza kunyonywa kama vinyweleo vyake havijazibwa.

Hapa ndipo penye udanganyifu tuliouahidi. Wako wanaouza jiwe la jamii ya marumaru kwa jina la graniti, na wako wanaopaka rangi jiwe la kijivu likawa jeusi. Omba kipande kidogo cha bamba lilelile utakalonunua, uende nacho nyumbani. Kwanza, kikamulie ndimu; kikitoa povu au kikifa mng'ao, hiyo si graniti. Pili, kisugue kwa kitambaa cheupe chenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kitambaa kikiwa cheusi, jiwe limepakwa. Tatu, dondoshea maji na usubiri dakika 15. Pakigeuka rangi na kuiva, jiwe linanyonya na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kutumiwa. Kisha nenda ukalione bamba lenyewe zima, usitosheke na sampuli, kwa kuwa mabamba ya asili hayafanani. Lipitishie kiganja taratibu na ulitazame kwa ubavu penye mwanga, utaona nyufa zilizojazwa gundi.

Usisahau uzito. Kaunta ya urefu wa mita 3, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2 ina uzito wa karibu kilo 97, yaani takriban mifuko miwili ya saruji. Unene ukiwa sentimita 3, uzito hufika kilo 145 hivi. Makabati ya mbao za kubandikwa, zile zinazovimba zikiingia maji, hayawezi kuubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Ndiyo maana mafundi wengi hulilaza jiwe juu ya zege lililoshikwa na kuta, na kwa nyumba za ghorofa za Kangemi hiyo ndiyo njia ya salama.

Haki ya fundi

Sasa tufike kwenye haki isiyozungumzwa. Ukipita penye karakana ya mawe, utamwona kijana ameinama juu ya bamba, mashine ya mkono ikinguruma, na wingu jeupe limemfunika nywele hadi nyusi. Amejifunga kitambaa mdomoni, au hakujifunga kitu. Sisi tupitao huziba pua na kuharakisha. Yeye anabaki pale hadi jioni.

Vumbi lile si kama la barabarani. Graniti halisi ina kwatsi nyingi, mara nyingi kiasi cha robo hadi theluthi ya jiwe zima. Kwatsi inapokatwa kavu hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, zinazopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko hazitoki. Pafu hujaribu kujilinda kwa kuota kovu, kovu juu ya kovu, hadi linakakamaa na kushindwa kujazwa pumzi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Huweza kuchukua miaka kabla ya kujitokeza, na hauna tiba ya kuuponya. Humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu, na vumbi hilohilo limethibitika kuwa ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu. Kikohozi chake hufanana na cha kifua kikuu, kwa hiyo fundi anayekohoa lazima amwambie daktari kuwa kazi yake ni kukata mawe.

Mabamba yanayotengenezwa kiwandani kwa kugandisha unga wa kwatsi kwa gundi, ambayo maduka huyaita kwatsi, ni hatari zaidi kuyakata, kwani mengi yana zaidi ya asilimia 90 ya madini hayo. Nchini Australia vijana waliokuwa wakiyakata waliugua kwa wingi hata serikali ikayapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kwa anayeshindwa kuchagua baina ya aina hizo mbili, hiyo ni sababu mojawapo ya kuielekea graniti ya asili, ingawa nayo haitaki mzaha.

Kinga yenyewe si ya gharama kubwa: ni maji. Jiwe linalokatwa huku maji yakitiririka juu ya msumeno hutoa tope badala ya wingu. Pamoja na maji, fundi avae barakoa maalumu ya vumbi, ya aina ya N95 au bora zaidi, inayoushika uso bila ya kuacha mwanya. Kitambaa cha kawaida na barakoa ya karatasi havitoshi. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini fundi wengi wa mtaani hawana mwajiri isipokuwa wewe uliyempigia simu. Siku ile unapomwita, dhamana imekaa mlangoni kwako.

Basi jambo hili liwe sharti katika makubaliano: kukata kote, na hasa tundu la sinki na la meko, kufanyike karakanani kwa maji, baada ya vipimo kuchukuliwa makabati yakiwa yamekwisha simama. Fundi akija nyumbani aje kupachika tu. Pakibaki la kupunguza, lifanyike nje, ndoo ya maji ikiwa karibu na mtu wa kumwagia. Akikuambia kwamba kukata kavu ni haraka zaidi, mjibu kwa upole kwamba utamwongezea ujira wa saa hiyo moja. Ni nafuu kuliko tunavyodhani, na ni haki yake. Wala asikatie ndani ya ghorofa. Katika majengo ya Kangemi yenye ngazi nyembamba na milango inayotazamana, vumbi la jikoni kwako huingia kwenye uji wa mtoto wa jirani. Likiwa limeshaanguka, lisifagiwe kwa ufagio mkavu ukalirusha tena hewani. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kioshwe mara moja.

Na kazi ikikwisha, alipwe. Mafundisho ya dini yetu juu ya kutomcheleweshea mwajiriwa ujira wake yanajulikana na kila mtoto wa chuoni. Haipendezi kaunta ing'ae huku aliyeipachika anazungushwa kwa ahadi za wiki ijayo.

Kuishi nalo

Kaunta ikishawekwa, utunzaji wake ni mwepesi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo na kitambaa laini hutosha kwa kila siku, kisha likaushwe, kwa kuwa maji yenye chumvichumvi ya kisima yakikaukia juu ya jiwe jeusi huacha alama nyeupe. Siki, ndimu na dawa kali za klorini zisigeuzwe kuwa sabuni ya jiwe. Hazitaliyeyusha, lakini zitaichosha dawa iliyoziba vinyweleo vyake. Jaribio lile la matone ya maji lirudiwe kila mwaka, na jiwe likianza kunyonya, lipakwe dawa upya. Doa la mafuta huondolewa kwa uji mzito wa magadi ya kupikia na maji, unaopakwa, kufunikwa kwa plastiki na kuachwa usiku kucha.

Sufuria ya moto isitolewe mekoni ikawekwa moja kwa moja juu ya jiwe baridi. Graniti huvumilia moto, lakini mshtuko wa ghafla, hasa karibu na tundu la sinki palipo pembamba, waweza kulipasua. Kisu kikatie juu ya ubao, kwani jiwe halitaumia bali kisu kitakuwa butu. Kinu kitwangiwe chini kama kilivyozoea. Na ile desturi ya kupanda juu ya kaunta kufuta madirisha siku ya kukaribisha Idi iachwe. Penye sinki hapabebi uzito wa mtu.

Ndugu zetu, jiwe hili likichukuliwa vizuri litadumu kuliko sisi. Watoto wetu watakandia unga juu yake, na pengine wajukuu. Ni vyema basi likae jikoni mwetu likiwa halina deni nyuma yake wala pumzi ya mtu ndani yake. Anayepanga kununua mwezi huu asianze na rangi, aanze kwa kumwuliza fundi swali moja: "Unakata kwa maji?" Na kama jibu ni hapana, amsaidie liwe ndiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, awape afya kina mama wanaozihudumia na mafundi wanaozijenga, na atupe riziki ya halali na kinaa. Wabillahi tawfiq.